Meno ya Kahawia: Kuandika Madhara ya Kutojua

Shikamooni wazee, na nyie wengine habari za jioni.

Wengi mnaoandika maisha ya utotoni huku kwetu Arusha mna ukurasa wa meno. Mtoto wa Ngarenanyuki au Maji ya Chai anapelekwa shule ya bweni Moshi, siku ya kwanza anacheka, wenzake wanamkodolea mdomo. Ukurasa mzuri, lakini huharibiwa na sentensi moja: "Wazazi wetu walikuwa wajinga, hawakujua maji yana floraidi."

Hebu tuingie jikoni kwanza. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa floraidi kwenye chemchemi na mito, nayo ikizidi katika maji anayokunywa mtoto mdogo huyatia meno yake madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya vyanzo vya upande huu vinapita hapo mara kadhaa. Floraidi yenyewe haina rangi wala harufu. Zahanati wanamwambia mama achemshe maji, naye anachemsha. Kwa homa ya matumbo, ushauri huo ni sahihi kabisa. Floraidi lakini haiondoki na mvuke. Chukua lita 10 zenye miligramu 4 kwa lita, zichemke mpaka zibaki 8: sasa kila lita ina miligramu 5. Mwandishi akishalijua hilo, neno "mjinga" litamkwama kalamuni. Mama alijua, ila alijua la ugonjwa mwingine.

Halafu magadi. Maharage ya kiburu au ya makande hula mkaa, na kibonge cha magadi huyalainisha upesi. Magadi mengine yana floraidi nyingi sana. Andika kibonge kilikuwa na ukubwa gani, kilinunuliwa wapi, nani alikitia chunguni.

Penye kazi hasa ni kwenye umri. Meno ya mbele ya kudumu hujijenga ndani ya ufizi tangu mtoto ana miezi michache hadi miaka 4 au 5, kisha huchomoza kati ya miaka 6 na 9 hivi. Kwa hiyo dhara limeingia wakati mtoto bado hana kumbukumbu za kutegemewa. Usilibuni tukio. Muulize aliyekuwa akichota maji: ni mto, kisima au bomba? Familia ilihama chanzo lini? Ikiwa kaka ana meno ya kahawia na mdogo wake meupe, huenda maji yalibadilika katikati, na hapo una sura nzima.

Mtoto naye ana kutojua kwake. Kila alfajiri anasugua kwa mchanga na mkaa. Doa limo ndani ya jino, hivyo mchanga unakwangua tu gamba lake la nje. Lakini msimwambie msomaji hayo mapema! Mwacheni mtoto aamini, ahesabu misuguo, ateme masizi yenye damu. Kama alielezwa akiwa na miaka 19, neno floraidi lisionekane popote kabla ya ukurasa wa miaka 19.

Wale wa bwenini wanaodhani hapigi mswaki wapeni sentensi mbili, zinawatosha.

Na kama kwenye hadithi yako kuna ndugu mwenye matege, pole pole. Floraidi nyingi inaweza kupinda mifupa, lakini hata lishe duni huleta matege. Bila kauli ya daktari aliyemwona, eleza alivyotembea na uishie hapo.