Uliuliza Nani?

Asalaam aleikum, wanangu. Kwenye vikaratasi mlivyonipa, swali lililojirudia ni hili: mtu anajuaje kwamba uandishi ndiyo kazi yake? Nitawajibu kwa yaliyonikuta hapa hapa Tanga.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, sina ajira. Nikaandika habari kwamba dagaa wamepanda bei kwa sababu ya mafuta ya boti. Maneno ya kijiweni hayo. Mhariri akaisoma amesimama, akaniuliza, "Uliuliza nani?" Akanirudishia karatasi yangu.

Kesho yake alfajiri nikashuka Deep Sea, soko la samaki la hapa mjini. Nikamkuta mama mmoja mkaanga samaki, ndoo yake haijafika hata nusu. Nikamwamkia, nikamuuliza habari ya mafuta. Akasema, "Mwanangu, hebu tazama juu." Mwezi mpevu ulikuwa haujatua. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti, wavuvi wengi hulala nyumbani, na fungu linapungua huku bei ikipanda. Jambo analolijua kila mtu pale pwani, mimi nilitaka kulifundisha mji kinyume!

Habari ilipotoka nikampelekea gazeti. Mjukuu wake akamsomea. Alipofika penye jina la bibi yake, mama yule akaacha kugeuza samaki, akasema, "Rudia hapo." Mtoto akarudia. Akaambiwa tena arudie. Tangu siku ile sijatafuta kazi nyingine.

Sitawaficha kuhusu fedha. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyotoka, na kuna miezi haitoki hata moja. Basi shika na kazi nyingine, si aibu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926, na akiwa karani vivyo hivyo akaandika. Na kabla yake, tangu miaka ya mwanzo ya 1900, gazeti la Kiongozi lilichapwa katika shule ya serikali ya mji huu, likiandikiwa na walimu na makarani. Watu wa mishahara midogo, wanangu, wenye hamu ya kusema.

Kesho alfajiri nitakuwa Deep Sea. Anayetaka aje na daftari na kalamu mbili. Mwezi bado mchanga, boti zitakuwa zimejaa.