Kufunga Stovu ya Kuni na Bomba Lake Nyumbani: Tuko Kapchorwa Leo

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tuko Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, juu kidogo ya mji, na mkisikia mtu anakohoa nyuma ya kamera msishtuke, ni mpwa wangu, baridi ya jana usiku imemkamata. Hapa tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon uko mgongoni mwetu, na ikifika Julai mtu analala na sweta na soksi.

Wengi wetu baridi ikizidi tunaingiza sigiri ya mkaa chumbani na kufunga dirisha. Hilo liacheni hata kama hamtafunga stovu yoyote. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu analala nayo asiamke. Stovu yenye bomba huitoa hewa hiyo nje, ila bomba lazima liwe limefungwa sawasawa.

Stovu yenyewe hii hapa. Sogeza kamera, mpwa. Imechomelewa Mbale kwa chuma cha milimita 5, ina miguu ya sentimita 20, na mdomo wa bomba juu ni inchi 6, yaani milimita 150. Tumeibeba wanaume wanne. Kuisimamisha mahali pake ni kazi ya nusu saa. Siku mbili zote zilizobaki ni za bomba, kwa sababu nyumba haiungui pale stovu ilipo, inaungua pale bomba linapopita kwenye mbao.

Kwanza tuchague mahali. Kaa mbali na mapazia, makochi na mlango. Stovu isiyo na maelekezo ya kiwanda, kama hii, inatakiwa iwe sentimita 91 kutoka kitu chochote kinachoweza kuwaka. Nyumba hii ina kuta za matofali ya kuchoma kwa hiyo hatuna wasiwasi mkubwa, tumeacha sentimita 40 nyuma ili hewa izunguke na mkono wa kufagia upite.

Lakini wewe mwenye nyumba ya udongo nisikilize vizuri. Ukuta wa fito na udongo, hata ukipigwa plasta ya saruji ukapakwa rangi nyeupe, ndani yake ni miti. Udongo unapata moto, unaupeleka kwenye fito polepole, na fito zinakauka mpaka zinakuwa kama mkaa huku nje ukuta unapendeza. Huo uhesabu kama ukuta wa mbao. Ukikosa nafasi ya sentimita 91, simamisha bati tupu mbele ya ukuta, likae mbali na ukuta kwa sentimita 2 na nusu, wazi chini na wazi juu ili hewa ipande nyuma yake. Vipande vya kulishikilia viwe vya chuma, si vya mbao. Hata hivyo usisogee chini ya sentimita 30. Na bati lililobanwa moja kwa moja kwenye ukuta halisaidii kitu, linapitisha moto tu.

Nyumba ya nyasi? Hapana. Mimi hiyo sifungi, hata unilipe mara mbili.

Sakafu. Hapa kuna saruji, kazi imekwisha. Kama una sakafu ya mbao au zulia la plastiki, toa zulia, jenga jukwaa la matofali au zege, litokeze mbele ya mlango wa stovu sentimita 40 na pembeni angalau sentimita 20. Makaa yakidondoka yanadondoka mbele, ndiyo sababu mbele tunaongeza.

Sasa twende kwenye bomba, na hapa sitakimbia.

Kabla ya kukata chochote, teremsha timazi, ule uzi wenye uzito nchani, kutoka kwenye siling mpaka ncha yake iguse katikati ya mdomo wa stovu. Umeona? Pale juu uzi ulipo, piga msumari mmoja mrefu upenye siling. Halafu panda darini na tochi utafute ule msumari. Sisi tuliukuta sentimita 6 kutoka kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Fundi mvivu angekata kenchi. Sisi tumeshuka tukaisogeza stovu kulia, tukateremsha timazi tena, na safari hii msumari umetokea katikati ya kenchi mbili. Ni rahisi kusogeza stovu kuliko kuunga paa.

Bomba lipande wima kadiri iwezekanavyo. Kila kona inapunguza mvuto wa moshi na inakusanya masizi. Ikibidi kupinda, pinda kwa nyuzi 45, usitumie kona ya mraba. Ninajua wengine wanalitoa bomba kupitia dirishani na kulikata hapo hapo nje. Upepo wa mlima ukigeuka, moshi wote unarudi sebuleni.

Bomba la chini, kutoka stovu mpaka karibu na siling, ni la ngozi moja, yaani tabaka moja tu la chuma cheusi. Likae angalau sentimita 45 kutoka kitu kinachowaka. Msinunue lile la mabati linalong'aa kama la mfereji wa mvua. Kule kung'aa ni zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Dukani watakuambia ni lile lile. Si lile lile.

Angalia kipande hiki kwa karibu. Ncha moja imebanwa mikunjo-mikunjo, ni nyembamba kidogo. Hii inaelekea chini, kwenye stovu. Watu wengi hugeuza, wanafikiri moshi utavuja. Moshi hauvuji, kwa sababu bomba linavuta. Kinachoshuka ni lami ya moshi, ile nyeusi inayonata, na ncha nyembamba ikiwa chini, lami inateremka ndani na kurudi kwenye moto ikaungua. Ukigeuza, inachuruzika nje ya bomba mbele ya wageni. Kila maungio weka skrubu tatu kwa kuzunguka, na pale kwenye mdomo wa stovu paka saruji ya kuvumilia moto.

Kuanzia chini kidogo ya siling tunabadilisha. Bomba la ngozi moja halipiti kwenye siling wala kwenye paa, kamwe. Hapa tunatumia la ngozi mbili: ndani inchi 6 la chuma kisichoshika kutu, nje inchi 10, na kati yake sentimita 5 za pamba ya mawe. Pamba hii niliagiza Kampala. Si pamba ya godoro, tafadhali. Hii unaweza kuiwekea moto wa gesi na haishiki.

La kiwandani lililopimwa, wanaoliuza watakuambia linahitaji sentimita 5 za hewa tupu kutoka kwenye mbao. Hili letu halikupimwa na mtu, kwa hiyo nimekata siling na kuacha sentimita 15 kila upande. Hiyo nafasi usiijaze. Si kwa matambara, si kwa udongo, si hata kwa pamba ya mawe. Chini funika kwa sahani ya bati iliyokatwa tundu katikati, ipigwe skrubu kwenye siling, basi.

Nasisitiza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Miaka ya mwanzo nilifunga bomba kwenye nyumba ya jamaa yangu, nikaona ile nafasi inaingiza baridi, nikaijaza udongo wa mfinyanzi nikaulainisha vizuri, ukapendeza. Ukagusana na kenchi. Miezi minane hakuna tatizo. Mwezi wa tisa shangazi akaniita, akasema, "Mwanangu, mbona chumbani kunanuka kama mti unachomwa, na stovu imezimwa tangu jana?" Nilipopanda, kenchi ilikuwa nyeusi upande mmoja, ukiigusa inavunjika kama biskuti. Mbao ikipashwa moto kila siku hubadilika, mwisho inashika kwa joto ambalo siku ya kwanza isingelisikia. Tuliwahi tu.

Haya, paa. Mabati haya ni ya mawimbi. Kata tundu kwa mkasi wa bati, vaa glovu, na mpwa ashike ngazi badala ya kuangalia simu. Papi, ile mbao ya kupigilia mabati, ikiwa njiani ipe nafasi ile ile ya sentimita 15. Kisha kuna bati bapa lenye shingo ambalo bomba linapita ndani yake. Upande wake wa juu unaingia chini ya bati la juu la paa, na upande wa chini unalalia juu ya bati la chini, ili maji yateremke kama yanavyoteremka kwenye vigae. Ukiliweka juu juu tu na kumwaga silikoni, litavuja mvua ya tatu. Silikoni ni msaada, si fundi. Na iwe ile ya kuvumilia joto. Juu ya shingo funga kola, ile pete ya kuzunguka bomba, tunaibana kwa boliti.

Urefu. Bomba litokeze angalau sentimita 90 juu ya pale lilipotoboa paa, tena liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kuzunguka, iwe kofia ya paa, yaani ule mgongo wa juu kabisa, tangi la maji au mwembe wa jirani. Kwetu hapa kofia ya paa iko mita 4.2 kutoka sakafuni na ni hatua moja tu kutoka bombani, kwa hiyo mita 4.8 zingetosha. Ila kuna kipimo kingine, urefu wote kutoka juu ya stovu usipungue mita 4.5. Stovu yetu ina sentimita 75, kwa hiyo ncha imefika mita 5.25. Tumefuata kirefu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, bomba huvuta kwa uvivu kidogo, na mimi sipunguzi hata inchi.

Tumelifunga kwa waya tatu kwenye paa, kwa sababu upepo wa huku mnaujua. Kofia ya mvua juu, iache nafasi ya kutosha moshi utoke. Wavu wa matundu madogo usiweke, unazibwa na masizi.

Stovu inakula hewa ya chumba, lazima iingie nyingine. Tumetoboa ukuta karibu na sakafu, bomba la inchi 4, wavu wa panya nje. Mama mwenye nyumba aliuliza kama anaweza kuziba kwa kitambaa usiku. Hapana, mama, usiku ndipo kunahitajika zaidi. Na ukipata king'ora cha kaboni monoksidi, kifunge chumba hicho hicho, mita 1 hadi 3 kutoka stovu, ujaribu betri yake kila mwezi.

Tuwashe. Kwanza gazeti moja tu, liwake karibu na mdomo wa bomba lipashe ile hewa baridi iliyokaa humo. Sikiliza... hiyo sauti ya kuvuta ndiyo tunaitafuta. Sasa majani mabichi kidogo yatoe moshi, zima taa, mpwa azungushe tochi kila maungio. Pale pa pili pametoa uzi mdogo wa moshi, skrubu moja ilikuwa haijakaza. Imekwisha. Moto wa siku tatu za kwanza uwe mdogo na madirisha wazi, rangi itanuka na kutoa moshi wake.

Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20. Mkalitusi pasua, panga chini ya bati upande wa upepo, uache miezi sita au zaidi. Gonganisha vipande viwili: vikilia kama kengele vimekauka, vikilia kama ngumi kwenye mto, rudisha. Kuni mbichi ndizo zinazojaza bomba lami. Kavera, yaani mifuko ya plastiki, plastiki nyingine na mbao zenye rangi zisiingie humo kabisa. Fagia bomba kwa brashi ya waya angalau mara mbili kwa mwaka, moja iwe kabla ya mvua za katikati ya mwaka.

Bomba likishika moto ndani utasikia mngurumo kama lori linapanda mlima wa Sipi. Funga mlango wa stovu na tundu lake la hewa, toa watu wote nje, piga 999. Usimwage maji, chuma kinapasuka.

Majivu yatoe kwa ndoo ya bati yenye kifuniko, uiweke nje juu ya udongo. Beseni la plastiki linayeyuka, na makaa ndani ya majivu hukaa hai hata siku mbili, tatu.

Mmesikia hiyo? Mvua imeanza juu ya mabati. Mpwa, lete ngazi na tochi, tupande darini tuone ile shingo kabla sijakunja vifaa... Tone moja, upande wa kushoto. Kesho asubuhi paa likikauka nalifungua na kulipanga upya.