Uliza Choo Kiko Wapi: maneno kwa wazazi kabla ya kulipia banda

Assalaam aleikum, na wale wengine hamjambo. Hao watoto huko nyuma waacheni wacheze, msiwafinye, manake leo tunazungumza habari zao wenyewe.

Mimi ni dereva wa magari ya watalii, hiyo mnaijua. Nimepeleka wageni Tsavo mpaka ile barabara naiota. Na pamoja na ujuzi wote huo, siku ya kwanza niliyopeleka wanangu kulala kwenye banda porini nilichemsha, tena vibaya sana.

Banda lile nililipenda kwa picha. Baraza ya mbao, viti viwili, jua linazama, kikombe cha chai juu ya meza. Nikalipa hapo hapo. Picha ya choo sikuonyeshwa na mimi sikuuliza, kwani nani anauliza choo? Tukafika magharibi ishaingia, giza totoro, mdogo wetu wakati huo ana miaka mitatu na ndio kwanza tumemtoa pampasi. Saa nane za usiku nahisi kidole kinanigusa pua. "Baba, kojo." Choo kiko nje, kesho yake nilihesabu, hatua arobaini na tatu kwenye nyasi, simu yangu chaji iko karibu kuisha kwa hiyo tochi hakuna, na huko kichakani kuna kitu kinavunja matawi, kra, kra, halafu kimya. Nikasimama mlangoni na mtoto mikononi, siendi mbele sirudi nyuma. Mwisho tukamkojolesha kwenye sufuria. Ile ile ya uji. Asubuhi mama watoto anauliza jamani sufuria iko wapi, nikamwambia nyani kaiba. Amejua leo, yuko pale mstari wa pili, mnaona uso wake.

Basi tangu siku ile mimi banda nalichagua kwa saa nane za usiku. Mchana kila mahali ni pazuri, mtoto mpe mchanga na kijiti atashinda hapo hapo. Usiku ndio unaolipia. Choo kiko ndani? Stima ipo usiku kucha ama ni sola inayozimika ikishafika saa nne? Chandarua kipo, na kinafika chini ya godoro ama kimening'inia tu kama pambo? Sisi watu wa pwani malaria tunaijua, msifikirie ukipita Mariakani mbu wameisha. Na vile vitanda vya dabo deka, watoto watapigania cha juu, uliza kina kizuizi au hakina, manake akianguka usiku huo hospitali iko wapi? Mimi hilo ndilo swali langu la pili baada ya choo. Ukilala Shimba Hills, ile hifadhi ya wanyama, mji wa Kwale uko karibu na una hospitali. Ukiwa upande wa Voi, kuna hospitali kubwa pale mjini. Lakini kuna mabanda mengine, wallahi, kutoka kitandani mpaka kwa daktari ni masaa matatu ya vumbi. Mahali kama hapo nenda na watu wazima.

Sasa twende kwenye safari yenyewe. Watu wengi hapa wakisema kambi, akili inakimbilia Mzima, zile chemchemi za huko Tsavo. Siwalaumu, Mzima ni pazuri mno, kuna kile chumba cha vioo chini ya maji unaona samaki wanapita, na ukibahatika kiboko, na mtoto ukimwambia maji haya ndiyo mengine yanakuja mpaka mabombani kwetu Mombasa, zaidi ya kilomita mia mbili, anashangaa, anauliza mbona basi kwetu yanakatika. Hilo sina jibu. Lakini hesabu: mpaka Mtito Andei peke yake ni kama kilomita 250, na malori ya Mombasa Road mnayajua, halafu ndio uanze barabara ya vumbi. Mtoto wa miaka miwili hawezi. Ataweza kwa mwili lakini atawarudishia nyinyi hayo masaa yote usiku, hatalala.

Kwa wenye watoto wadogo mimi nasema anzeni Shimba Hills. Haifiki kilomita 40 kutoka hapa, unavuka Likoni, ama unazunguka Dongo Kundu kama feri inakutia wasiwasi, unakata kona Kombani, unapanda Kwale. Ukisahau dawa, ukisahau nepi, ukichoshwa na watoto wako mwenyewe, unarudi nyumbani kabla ya chakula cha usiku na hakuna atakayekucheka. Huko ndiko peke yake Kenya nzima unakoweza kumwona palahala porini, yule mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda kwa nyuma, dume lake jeusi linang'ara kama limepakwa mafuta. Tembo wapo wengi. Na kuna maporomoko ya Sheldrick, maji yanaanguka kama mita 21, mnateremka kwa miguu na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwenye bunduki, watoto huyo askari watampenda kuliko tembo. Kushuka ni raha. Kupanda, yule aliyeshuka akirukaruka atakwambia baba nibebe, kwa hiyo beba leso ya kumfunga mgongoni, usijidanganye na kigari cha mtoto, hakipiti.

Na baridi! Sisi tumezoea joto, mtoto wa Mombasa hajui sweta ni nini. Shimba asubuhi kuna ukungu. Na ukienda juu kabisa, milima ya Taita, pale Wundanyi, mwezi wa saba, mwanangu wa katikati alitoa moshi mdomoni akaanza kulia akidhani anaungua ndani.

Voi mimi napapenda kwa sababu ya treni. Kwa barabara ni kama kilomita 150, lakini ukipanda SGR pale Miritini asubuhi, watoto wanatembeatembea, choo kipo humo humo, na dirishani wakibahatika wanawaona tembo wa Tsavo, wale wekundu kwa udongo. Kwa mtoto hiyo tayari ni safari, hata mkirudi hapo hapo. Kasoro ni moja, ukishuka stesheni huna gari, kwa hiyo panga mapema na mwenye banda nani atawapokea, na upate bei kwa meseji, si kwa mdomo.

Ukilala ndani ya hifadhi kumbukeni geti linafungwa saa kumi na mbili jioni. Malipo ni eCitizen, ule mtandao wa serikali, lipia nyumbani kwenye intaneti nzuri, nimeona familia imekaa getini na noti mkononi, mtoto analia, baba anatafuta netiweki juu ya boneti.

Chakula siwafundishi, mnajua kuliko mimi. Ila madirisha. Nyani hangoji usiku. Ile safari yetu, siku ya pili, kama adhabu ya uongo wangu, tuliacha dirisha wazi dakika tano, akaingia mmoja mkubwa, akachukua bakuli zima la mahamri, akakaa kwenye kile kiti cha kwenye picha, akala moja moja ananitazama. Mbaazi akatuachia. Mkewangu akasema, huyu hakuchukua na sufuria?

Mwezi nao. Likizo ya Aprili inaangukia masika, udongo wa Shimba ukilowa gari dogo linateleza kama sabuni, na mvua ikinyesha watoto wanne ndani ya chumba kimoja siku nzima, hapana. Mimi nangoja Agosti, kumekauka na hewa ni nzuri. Disemba joto, lakini huko milimani kunastahimilika.

Kuna mtu ameniletea kikaratasi, anauliza si afadhali mdogo aachwe kwa bibi yake? Kama bibi amekubali kwa moyo wake, mwache, mbona iwe dhambi. Lakini mkimchukua, basi safari ipimeni kwake yeye, si kwa yule wa miaka tisa anayetaka simba. Wa tisa atangoja. Na bibi mwenyewe huwa ndio wa kwanza kuuliza choo kiko wapi, mkimchukua na yeye mtakuwa na wawili upande mmoja.

Haya, bi mkubwa pale karibu na feni, mkono umeinua muda mrefu, samahani. Uliza.