Akiondoka Maalim Mkuu, Kazi Hii Itabaki kwa Nani?

Mhadhara kwa walimu na walimu wanafunzi, Chake Chake, Pemba

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Maalim Mkuu unayetuaga, Maalim unayepokea kazi, wajumbe wa Baraza la Chuo, walimu wenzangu, na nyinyi vijana ambao karibuni mtasimama mbele ya ubao.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya Maalim Mkuu wa chuo chetu cha ualimu anayestaafu, hasa ile iliyowahusu watoto wanaojifunza kwa njia tofauti na wenzao. Sifa zake nitazitaja kwa uchache, maana yupo hapa na mliofanya naye kazi mnazijua. Ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: akishakabidhi ofisi, kazi hiyo itaendelea kwa nguvu ya nani?

Tuanze na mtoto mwenyewe. Walimu wa kisiwa hiki mnamjua. Asubuhi yuko skuli, darasa la tatu. Jioni yuko chuoni kwa maalim wake wa Kurani. Kule chuoni anasomewa aya, anaipokea kwa sikio, na kesho yake anaisoma kwa moyo bila kubabaika. Nusu ya Juzuu Amma ameshaihifadhi. Skuli akipewa mistari minne ya kitabu cha Kiswahili, jasho linamtoka. Mwalimu wa skuli anasema mtoto huyu mvivu. Maalim wa chuoni anasema mtoto huyu kichwa chake chepesi. Wote wawili ni watu wakweli, kila mmoja anasema alichokiona, lakini hawajawahi kukaa baraza moja wakaulizana.

Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, wa mji wa Seaford, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Kijana mwerevu, hodari wa michezo, hesabu hazimpi taabu, lakini kusoma hakuwezi. Hata jina lake mwenyewe alipoliandika, herufi zilipishana. Mwalimu wake alieleza kwamba lau masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyu angekuwa wa mbele kabisa katika skuli nzima. Ondoeni jina na mji, na huyo ni mtoto wa Micheweni au wa Mkoani. Hicho alichokisema mwalimu wa Percy kama jambo la kufikirika, sisi tunacho kila jioni. Chuoni kwetu mtoto anasomeshwa kwa sikio, na anayeshindwa asubuhi tunamwona anaweza jioni. Ushahidi kwamba ana akili umejaa mitaani, na skuli haijautumia.

Zamani madaktari waliita hali hiyo upofu wa maneno, wakadhani kasoro iko katika kuona. Leo inaitwa disleksia, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba shida kubwa iko katika kuzipambanua sauti zilizomo ndani ya neno na kuzifunga na herufi zake. Aghalabu inakwenda na damu. Ndiyo maana ukimwita mzazi kuzungumza naye, mara nyingi baba anainamisha kichwa na kusema, "Maalim, hata mimi nilikuwa hivyo hivyo." Ziko na tofauti nyingine: anayeshindwa na hesabu peke yake, anayeshindwa kuandika ilhali anasoma vizuri, asiyeweza kutulia wala kushika jambo moja hadi mwisho. Leo sitazigawa moja moja. Nabaki na kusoma, kwa sababu kusoma ndiko kunakofunga milango ya masomo mengine yote.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa nyinyi wanafunzi. Kiswahili kinamficha mtoto huyu. Herufi zetu zinasema zinavyoandikwa, irabu ni tano, silabi nyingi zinaishia kwa irabu. Kwa hiyo mwenye disleksia katika lugha kama yetu hakosei sana, anachelewa. Anafika mwisho wa sentensi akiwa ameshasahau mwanzo wake. Na wengine hawasomi kabisa, wanahifadhi. Kaa naye mbele ya ukurasa wenye picha ya soko. Atakusomea mistari yote, kidole kinatembea chini ya maneno, wewe unaridhika. Kisha funika picha kwa kiganja, mwoneshe neno moja la katikati, uone. Ukitaka uhakika zaidi, mwandikie maneno yasiyokuwepo: mbelu, nguti, shwapo. Mtoto aliyejua kusoma atayasoma huku anacheka. Huyu atanyamaza, atakutazama usoni, atakisia neno analolijua. Dakika tano hizo zitakwambia zaidi ya mitihani ya muhula mzima.

Kabla ya hapo lakini, macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao, au mwenye sikio linalotoka usaha tangu masika, asipewe jina la disleksia. Apelekwe kituo cha afya kwanza.

Na kama hakugunduliwa mapema, balaa linamngoja katika madarasa ya juu. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliielekeza hisabati na sayansi kufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari Kiingereza ndicho kinachotawala. Kiingereza hakina huruma kwa msomaji dhaifu: herufi moja sauti nyingi, sauti moja maandishi mengi. Mtoto aliyejificha ndani ya Kiswahili kwa miaka minne anakuwa uchi ndani ya muhula mmoja. Hapo ndipo tunamsikia ameacha skuli, yuko pwani, au msimu ukifika yuko juu ya mkarafuu. Uvuvi na karafuu ni kazi za heshima, zimetusomesha wengi tuliomo humu ndani. Kinachoniuma ni kwamba hakuchagua. Alisukumwa.

Maalim Mkuu wetu alifanya jambo moja ambalo mimi naliona kubwa kuliko majengo yote yaliyosimama wakati wake. Alidai kila mwalimu mwanafunzi anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha achague mtoto mmoja anayeshindwa, akae naye, na amwekee daftari. Katika daftari hilo hairuhusiwi kuandika "dhaifu" wala "hajitahidi". Unaandika alikosea vipi. Alisoma "ndoo" akasema "doo". Aliruka silabi ya katikati. Alianza vizuri, akachoka mstari wa tatu.

Nimeyasoma madaftari hayo. Mmoja wenu aliandika juu ya mtoto aliyekwama kwenye neno "hawatatusaidia". Kwa mtoto huyo lile ni ukuta. Mwalimu mwanafunzi akachukua kipande cha karatasi, akaufunika ukuta wote, akaufungua kidogo kidogo: ha-wa, wakasimama, ta-tu, wakasimama, sa-i-di-a. Akamtaka aipige kila silabi kwa kidole juu ya dawati, aiandike kwa kidole kwenye mchanga, aiseme kwa sauti. Jicho, sikio, mkono na mdomo vikafanya kazi pamoja. Hiyo ndiyo njia ambayo daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham waliijenga Marekani karne iliyopita, na inatumika mpaka leo kwa sura nyingi. Haihitaji mashine. Inahitaji mwalimu anayejua neno linavunjika wapi, na lugha yetu inavunjika vizuri kuliko nyingi.

Huko huko Marekani wamefika mbali zaidi. Mwaka 1985 kilifunguliwa chuo cha Landmark, katika mji wa Putney, jimbo la Vermont, kwa ajili ya vijana wenye disleksia. Mwaka 1989 wazazi wakaanzisha Beacon huko Leesburg, Florida, kwa wanafunzi wa namna hiyo hiyo, na chuo hicho kinatoa shahada kamili. Sivitaji ili tuvionee wivu. Ada zake wengi wetu hatuziwezi, na kuwatenga vijana wetu katika chuo chao peke yao sidhani kama ndiyo njia yetu. Ninachokitamani kutoka kwao ni kwamba wakuu wao wanakuja na kustaafu, na kazi inabaki, kwa sababu imeandikwa katika ratiba, katika mafunzo ya walimu, katika namna mtihani unavyotolewa. Haikai mfukoni mwa mtu mmoja.

Kwetu imekaa mfukoni mwa mtu mmoja. Nasema hivi mbele yake, na ananikubalia kwa kichwa. Daftari lile ni agizo lake. Halimo katika mtaala, halina alama, na msimamizi asiyelitaka hulipita. Zanzibar ilipata sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na elimu mjumuisho, yaani kuwasomesha watoto wote pamoja, wenye ulemavu na wasio nao, inazungumzwa katika kila warsha. Lakini mtoto huyu hana fimbo nyeupe, hana kigari, hana alama yoyote usoni. Asipotafutwa na mwalimu, hakuna sheria itakayomwona.

Najua mtaniambia madarasa yamejaa, skuli zina mikondo miwili, mwalimu mmoja atakaa na mtoto mmoja saa ngapi? Ni kweli, na sitaki kuwadanganya kwamba mtawafikia wote. Lakini kumsomea swali la mtihani kwa sauti hakuchukui siku. Kumpa nafasi ya kujibu kwa mdomo kunachukua dakika. Kutomsimamisha asome mbele ya wenzake wanaomcheka hakugharimu hata senti. Na kumtembelea maalim wa chuoni kumuuliza "mtoto huyu kwako yukoje?" ni mwendo wa baada ya swala ya alasiri.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo katika visiwa hivi. Mtoto wa mkulima na wa mvuvi akaingia skuli. Huyu ninayemzungumzia naye aliingia, kwa tangazo lile lile, na yumo darasani sasa hivi.

Kwa hiyo, Maalim unayepokea kazi, na wajumbe wa Baraza, nina ombi na nalitoa hadharani. Daftari la mtoto mmoja liingizwe katika masharti ya kufuzu ualimu hapa chuoni, lisahihishwe, lipewe alama, na asiyelileta asipewe cheti mpaka alilete. Wasimamizi wa mazoezi wafundishwe kulisoma. Na vituo vya walimu, TC zetu, vipewe nakala za madaftari bora, majina ya watoto yakiwa yamefutwa, ili mwalimu aliyeko kazini miaka ishirini naye ajifunze kwa kijana wa mwaka wa kwanza.

Rasimu ya pendekezo nimeiandika, kurasa mbili, iko kwa Katibu wa Baraza. Maalim Mkuu ameshatia saini yake. Chini nimeacha nafasi ya saini za walimu wote wa chuo, na kalamu iko mezani.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.