Pikapu au Prado ya Mkono wa Pili: Fika Injini Ikiwa Baridi

Hamjambo, na karibuni tena. Niko Nakuru, saa moja kasorobo asubuhi, na baridi ya Menengai bado inauma. Nimewahi hivi makusudi. Jana jioni nilimwomba mwenye pikapu hii asiiwashe mpaka nifike. Injini ikishapashwa moto kabla ya mnunuzi kuja, huitikia ufunguo mara moja hata kama injekta, vile vinyunyizio vya dizeli, zimechoka. Ikiwa imelala usiku kucha, haina pa kuficha.

Kwa hivyo kabla salamu hazijawa ndefu, fungua boneti, weka kiganja juu ya injini. Hivi. Hii ni baridi kama jiwe la mtoni. Ukikuta ina joto, agana na mwenyewe vizuri, urudi kesho.

Injini ikiwa bado baridi, fungua rejeta. Maji yawe safi, yasiwe na utando wa mafuta juu. Halafu chomoa kijiti cha oili. Oili ya dizeli kuwa nyeusi isikutishe, hiyo huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Itakayokutisha ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hapo maji yameingia, na mara nyingi ni gasketi ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, au hedi yenyewe.

Sasa mwenyewe awashe, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi kidogo asubuhi ni kawaida, ila uishe upesi. Ukibaki wa buluu, injini inakula oili. Mweupe mzito usiokoma, ni maji yanayoungua au dizeli isiyochomeka sawasawa. Ukikanyaga mafuta litoke wingu jeusi, injekta, tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) na kichungi cha hewa vikaguliwe.

Sogea na kamera hapa. Injini inanguruma, mimi nalegeza kifuniko cha kujazia oili, nakiacha juu ya tundu lake. Mnaona? Kinatetemeka tu. Kingerushwa pembeni, na moshi ukafuka kama sufuria ya githeri iliyofunuliwa, ningejua pete za pistoni zimelika.

Kama unatazama Prado au Hilux yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1KD, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ule hubadilishwa kila kilomita 150,000, na ukikatika njiani unaweza kuvunja injini. Asiye na risiti, hesabu kwamba ni wewe utakayeubadilisha.

Sasa tushuke chini, na hapa tutakaa. Pikapu nyingi za huku zimebeba viazi kutoka Molo, mawe ya kujengea, mbolea, mara nyingi kuliko uwezo wake. Injini unaweza kununua nyingine. Chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikivunjika ni jambo zito. Tandika gunia, lala chali, shika tochi. Anzia mbele, upitishe vidole kwenye chuma mpaka nyuma. Kaza macho nyuma ya kabini, na pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, kwa sababu uzito wote unaegemea hapo. Tafuta ufa, kutu inayobanduka kama maganda, na alama za kuchomelea.

Pikapu yangu ya kwanza niliinunua chini yake ikiwa imepakwa rangi nyeusi, inang'aa, nami nikaisifu. Mwezi wa pili, natoka Molo na viazi, nikasikia mlio kama wa kuni kavu inayovunjwa, bodi la nyuma likalala upande. Fundi aliposugua ile rangi kwa brashi ya waya, tukakuta kipande cha bati kimechomelewa juu ya ufa. Magunia nililazimika kuyashusha kando ya barabara, usiku. Tangu hapo natembea na brashi hii, na ninaomba ruhusa kusugua sehemu ndogo tu, ukubwa wa kiganja. Akikataa, naondoka.

Ukiwa hukohuko, soma namba ya chasisi. Kwa Hilux na Prado huwa imegongwa kwenye fremu, mbele upande wa kulia, karibu na gurudumu. Ipige picha. Herufi zilizopinda au chuma kilichosuguliwa kuizunguka, usiendelee.

Tairi: tarakimu 4 za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na pedali zilizoliwa mpaka chuma haziendani na kilomita 80,000 kwenye dashibodi.

Jaribio la barabarani, mimi huchukua njia ya kupanda mlima Menengai. Mlimani gia inayoteleza na klachi iliyokwisha hujitaja zenyewe, na sindano ya joto unaiangalia muda wote. Ukifika kwenye vumbi, ingiza H4, yaani magurudumu yote manne yavute. Simama, weka gia huru, ingiza L4, ile ya nguvu na mwendo mdogo. Usijaribu hayo kwenye lami kavu, utaumiza gia.

Mwisho karatasi. Fanya upekuzi wa gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, mwenyewe, usikubali picha ya simu ya dalali. Jina liwe la anayekuuzia, kwa sababu ndiye atakayeanzisha uhamisho wa umiliki. Jina la benki likiwa pembeni ya lake, deni lilipwe kwanza. Na kama gari lililetwa nchini likiwa limetumika, linganisha mwaka wa kutengenezwa na wa kusajiliwa: sheria hairuhusu gari kuingia likiwa na zaidi ya miaka 8.

Hii ya leo chasisi ni nzima, imewaka mara ya kwanza. Difu ya nyuma, ile sanduku la gia kati ya magurudumu, inavuja, hapa, mnaona tone linavyoning'inia. Mwenyewe nimeshamwonyesha. Tunakwenda kwa fundi atuambie sili na oili vitagharimu pesa ngapi, ndipo tuzungumze bei.