Nigihayahi, mungu aliyemgeuka shemeji yake

ZUHURA: Haya wapendwa karibuni tena, leo tuko Japani, Baraka kanisimulia kidogo kabla hatujaanza kurekodi nikasema huyu mungu alitakiwa aitwe kikao cha ukoo.

BARAKA: Hahaa, anaitwa Nigihayahi. Ni mungu wa Shinto, dini ya jadi ya Japani, na ukoo wa Mononobe wanasema ndo babu yao. Hao Mononobe ndo walikuwa watu wa silaha wa wafalme wa Yamato, yaani Japani ya kale upande wa Nara ya leo, vita wao, kutunza mapanga wao. Sasa babu mwenyewe alishuka toka mbinguni na jahazi la mwamba.

ZUHURA: La mwamba kabisa?

BARAKA: Jiwe, dada. Kule Katano, Osaka, kuna hekalu la Iwafune, mwamba wake una kama mita 12 kwenda juu, wanakwambia jahazi lenyewe ndo hilo.

ZUHURA: Enhe, shemeji anaingia wapi?

BARAKA: Jamaa akatua Yamato, akaoa dada wa chifu wa pale, Nagasunehiko, wakazaa mtoto, maisha yanaenda. Mara anakuja Jimmu kutoka kisiwa cha Kyushu, huyu ndo anahesabiwa mfalme wa kwanza wa Japani, anadai yeye ni uzao wa mbinguni na nchi ni yake. Nagasunehiko hakubali, wanapigana, kaka yake Jimmu anapigwa mshale mpaka anakufa. Baadae Nagasunehiko anatuma ujumbe, kwamba jamani sisi wa mbinguni tunaye tayari na ni shemeji yangu, sasa we unatokea wapi? Jimmu anajibu watoto wa mbinguni wako wengi, kama wako ni wa kweli lete ushahidi. Wakaleta mshale na podo.

ZUHURA: Na akaukataa, si ndo hivyo?

BARAKA: Wala! Akauangalia akasema ni wa kweli, akatoa wa kwake, unafanana. Na hapo ndo mi huwa nasimama, maana hii imo kwenye Nihon Shoki ya mwaka 720, kitabu cha serikali ya kizazi cha Jimmu mwenyewe, na bado wanakiri kuna mwingine wa mbinguni alitangulia kufika!

ZUHURA: Si wangefuta tu.

BARAKA: Wamfute nani wakati wajukuu zake wako ofisini? Isonokami no Maro, mtu wa ukoo huohuo, alikuwa waziri mkubwa kabisa kuanzia 708 mpaka anafariki 717, yaani kipindi hichohicho historia inaandikwa. Mi naona walikaa wakapatana, babu yenu tutamwacha atangulie kushuka ila mwishoni ainame kwa Jimmu.

ZUHURA: Na kuinama kwenyewe ndo kule kumuua shemeji yake.

BARAKA: Ndo hivyo. Nagasunehiko kaona ushahidi, kaogopa kweli, ila jeshi lishapangwa, harudi nyuma. Nigihayahi akamuua, akachukua jeshi akaenda nalo kwa Jimmu, akapokelewa vizuri tu. Kojiki, kitabu kingine cha kale cha mwaka 712, hayo mauaji haiyagusi, inasema tu alikuja akakabidhi hazina za mbinguni.

ZUHURA: Yule dada sasa, mume kamuulia kaka, nani alimuuliza anajisikiaje?

BARAKA: Hakuna, kitabu kinampita tu.

ZUHURA: Na Mononobe waliishia wapi?

BARAKA: 587 walipigana na ukoo wa Soga, Mononobe hawautaki Ubudha, Soga wanautaka. Mkuu wao, Moriya, kapanda juu ya mti anamwaga mishale, akatunguliwa hukohuko juu. Ila ghala lao la silaha lipo, hekalu la Isonokami, mji wa Tenri, ndani kuna upanga wenye matawi sita pembeni, wa saba ndo ncha yenyewe, karibu sentimita 75, una maandishi ya dhahabu, ulitoka Korea.

ZUHURA: Kwa hiyo babu siku hizi kabaki na mapanga tu.

BARAKA: Ngoja, ana kazi mpya, ndege! Kuna bwana Ninomiya Chuhachi, 1891 alirusha kindege cha mfano kinachoendeshwa kwa mpira, miaka 12 kabla ya kina Wright, wale ndugu wa Marekani wa ndege ya kwanza, akaomba jeshi limsaidie kutengeneza kikubwa, wakamkatalia. 1915 akajenga hekalu huko Yawata karibu na Kyoto kwa ajili ya waliokufa kwenye ajali za ndege, na mungu aliyemweka mle ni Nigihayahi.

ZUHURA: Sababu ya jahazi!

BARAKA: Sababu ya jahazi. Na watu wa mashirika ya ndege wanaenda kuomba usalama.

ZUHURA: Sawa, ila mashemeji wakae mbali.