Dawa Mseto Lukemia Inaporudi

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema sana na nitalisema tena: dawa mbili nzuri zikichanganywa, tiba si lazima iwe nzuri. Aliyepandikizwa seli shina anaishi kwa damu inayotengenezwa na seli za mtu mwingine. Lukemia, yaani saratani ya damu, ikirudi, tunazichochea seli hizo ziishambulie. Lakini zinaweza kumgeukia yeye mwenyewe: ngozi inavimba na kuchubuka, macho yanakuwa ya manjano, kuharisha hakukatiki.

Uholanzi, katika jaribio la HOVON 76, wagonjwa wa mieloma, saratani nyingine ya uboho wa mifupa, waliopandikizwa walipewa lenalidomaidi peke yake, dawa inayochangamsha kinga. Karibu nusu walilazimika kuiacha baada ya mizunguko miwili ya dawa, hasa kwa sababu ya mashambulizi hayo. Dawa ni nzuri, ila kwa mwili ule ilikuwa hatari.

Ndipo Waingereza, wakiongozwa na daktari Charles Craddock, wakafanya jaribio la VIOLA kwa watu 29 ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi. Walianza na azasitidini siku saba, dawa ya saratani ya damu ambayo pia huongeza seli za kutuliza kinga, kisha lenalidomaidi kuanzia siku ya kumi, dozi ikipandishwa hatua kwa hatua. Walioshambuliwa vikali kiasi cha kutia wasiwasi walikuwa watatu. Kati ya 15 waliofikisha angalau mizunguko mitatu, saba walipata nafuu kubwa.

Tafadhali, msiondoke na hiyo saba kati ya 15! Wapo wengine 14 ambao hawakufika huko, nao ni wagonjwa. Tena hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Mtaniambia, mtu anakufa, majaribio ya nini? Ni kwa sababu hiyo hiyo! Mwenye miezi michache hana hata mmoja wa kupoteza wodini kwa mseto ambao hakuna aliyeupima. Na msinitajie dawa mseto ya malaria. Ile ililinganishwa kwa maelfu ya wagonjwa kabla hatujaimeza.

Naona naoneshwa saa. Kumwongezea mgonjwa limfosaiti, yaani seli za kinga, za mchangiaji wake, njia ya daktari Kolb wa Munich tangu 1990, sitaigusa ila kwa hili: watafiti wa Milan walionesha mwaka 2009 kwamba lukemia huweza kuitupa HLA, alama iliyo juu ya seli ambayo kwayo limfosaiti hizo huitambua, hasa mchangiaji akiwa ndugu anayelingana nusu. Basi pimeni HLA ya lukemia iliyorudi kabla hamjamwomba mchangiaji yule yule seli nyingine.